Damu Haiombwi Gizani

Msomaji, liko neno moja la pwani ambalo watu wa elimu hulicheka, nami nataka kulitetea kidogo kabla ya kulikanusha. Neno hilo ni mumiani.

Kamusi ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi mfano wa gundi, iliyosemwa kuwa yatoka Uajemi, na kwamba ilitumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kisha inaongeza ya kuwa watu wengi walisadiki dawa hiyo hufanywa kwa damu ya binadamu iliyogandishwa. Baadaye jina la dawa likahamia kwa mtu. Mumiani akawa ndiye mnyonyaji damu apitaye usiku, na mama akamwita mtoto ndani kwa kulitaja jina lake. Huko Nairobi na Kampala hofu hiyo hiyo iliwashukia wazimamoto na magari yao mekundu.

Basi na niseme wazi: mumiani hayuko. Hakuna kiwanda cha dawa kinachochemsha damu ya wavuvi, wala hospitali inayowawinda watoto. Lakini mtu akisha kusema hivyo, asidhani kuwa amemaliza kazi. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Hofu iliyodumu miaka mingi namna hii ina mizizi, na yule aikataye matawi yake kwa kicheko huiacha mizizi yake salama.

Twende Munje, kijiji cha wavuvi karibu na Msambweni katika pwani ya Kwale. Sehemu hizi zimejuana na maradhi ya minyoo siku nyingi. Kuna kichocho, kinachowapata watoto wanaooga katika mabwawa yenye konokono na kuwafanya wakojoe damu. Kuna matende, yanayovimbisha mguu hata ukawa kama gogo, na mabusha, yanayomfanya mwanamume mzima aone haya kupita mbele za watu. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya na wa Marekani wamekuwa wakichunguza kichocho katika vijiji vya Msambweni, na matende nayo yamechunguzwa katika pwani hii kwa miaka mingi.

Uchunguzi wa matende una jambo lake la ajabu. Mbu akimwuma mtu humwachia vinyoo vichanga, navyo hukua ndani ya mwili na kuzaa maelfu. Wale watoto wa mnyoo hujificha mchana katika mishipa midogo ya mapafu. Usiku hutoka na kuogelea katika damu iliyo karibu na ngozi, saa ile ile mbu wanapokuja kuuma. Wingi wao hufika kilele baina ya saa nne na saa nane za usiku. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupatikana vipimo vya siku hizi, ambavyo tone la damu ya kidoleni latosha saa yoyote, mchunguzi hakuwa na budi kuifuata damu usiku.

Sasa fikiri usiku mmoja katika kijiji kama hicho. Madau yamekwisha fungwa, sala ya isha imekwisha, watoto wamelala, na upepo unavuma katika minazi. Saa nne gari linasimama chini ya mwembe. Wanashuka watu watatu wenye taa na visanduku. Wanabisha hodi. Wanataka damu. Hawasemi sana, kwa kuwa nyumba ni nyingi na saa nane i karibu. Wanachoma, wanafyonza, wanaandika nambari, wanakwenda zao. Kesho yake hawaonekani, mwaka wa pili hawaonekani, na mguu wa mzee uliovimba ungali umevimba.

Je, mwenye nyumba hiyo akisema, "Jana walikuja mumiani," amekosa nini? Aliambiwa tangu utoto kuwa kuna watu wajao usiku kwa gari kutwaa damu. Usiku ule walikuja watu kwa gari wakatwaa damu. Akili yake imefanya kazi barabara. Iliyokosekana ni habari. Na habari ile ilikuwa mkononi mwa nani? Ilikuwa mkononi mwa msomi, naye aliondoka nayo pamoja na chupa zake.

Hapa ndipo ninaposhindana na wale wanaosema kuwa watu wa vijijini huogopa sindano kwa ujinga. Ujinga ni kutojua, na kutojua hakuna aibu. Aibu ni ya yule ajuaye akanyamaza, kisha akamtukana aliyemnyima elimu. Mtu huyo hufanana na mwenye taa aliyemwacha mwenzake gizani, halafu akamcheka kwa kujikwaa.

Tena historia ya uganga wa kisasa haikumpa msomi haki ya kujisifu sana mbele ya mvuvi. Nani aligundua kuwa mbu hubeba minyoo ya matende? Vitabu vitakuambia ni Patrick Manson, daktari kutoka Uingereza aliyekuwa Amoy, nchini Uchina, mwaka 1877. Ni kweli, na sifa yake ni kubwa. Lakini mbu wale walishiba damu ya nani? Walishiba damu ya Hin Lo, mtumishi wake wa bustani, aliyekuwa na minyoo mwilini, akalazwa mahali ili mbu wamwume. Mtumishi ana uwezo gani wa kumwambia bwana wake hapana? Ujuzi wote tulio nao juu ya matende ya Munje una deni kwa damu ya mtu huyo, na wanafunzi wengi hupasi mtihani bila ya kulisikia jina lake.

Karibu na sisi pia yapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria katika Uganda. Mwaka 1906 akaja Robert Koch, Mjerumani mashuhuri aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Akapiga kambi katika visiwa vya Sese, akawadunga wagonjwa dawa yenye sumu ya aseniki iliyoitwa atoksili, akakiongeza kipimo ili apate nguvu zaidi ya kuua vijidudu. Baadhi ya wagonjwa walipofuka, wala hawakuona tena. Sisemi kuwa Koch aliwachukia. Ugonjwa ule ulikuwa ukiua watu kila siku, na nia ya kuuzuia ilikuwapo. Nasema kuwa waliokuwa wakikabili hatari kwa macho yao wenyewe hawakuwa na sauti katika hesabu ya hatari hiyo.

Wala usidhani mambo haya ni ya Afrika tu. Huko Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwafuata wanaume weusi wapatao 400 waliokuwa na kaswende ili waone ugonjwa huo utawafanya nini. Waliwaambia wana damu mbaya na kwamba wanatibiwa. Dawa ya penisilini ilipopatikana katika miaka ya 1940 hawakupewa. Damu yao ilitolewa mara kwa mara, na kweli haikutolewa hata mara moja. Mzee wa Munje angewasikiliza wale wanaume wakisimulia, angewauliza kwa mshangao: "Kumbe nanyi mnao mumiani?"

Kwa machozi ya watu kama hao ulimwengu ulijifunza. Mwaka 1947, baada ya kuhukumiwa madaktari wa Hitler waliowatesa wafungwa kwa jina la elimu, mahakama ya Nuremberg iliandika kanuni, na ya kwanza katika hizo ni ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa majaribio. Mwaka 1964 madaktari wa dunia walikubaliana juu ya Azimio la Helsinki. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inalinda heshima ya kila mtu, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, na apate ridhaa yake. Lugha anayoielewa! Shika maneno hayo, msomaji, kwa maana nitayarudia.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: "Maradhi hayangoji. Tukikaa kumweleza kila bibi na kila babu habari za mbu na minyoo, watu watakufa kabla hatujamaliza." Hoja hii ina sura ya huruma, lakini haisimami. Itazame kwa matende yenyewe. Mwaka 2002 Kenya ilianza mpango wa kutokomeza matende, ikaanzia Kilifi, kisha ukafika Kwale. Dawa zake zilipangwa kugawiwa kwa watu wa mahali, wazima kwa wagonjwa, mara moja kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano, kwa kuwa dawa huua zaidi vinyoo vichanga, na minyoo mikubwa huishi miaka mingi ikizaa. Nalo Shirika la Afya Duniani linasema ni lazima wazimeze watu wasiopungua 65 katika kila 100, kila mwaka, ili mbu wakose cha kubeba.

Nani atakayemeza dawa miaka mitano, naye hajisikii mgonjwa, asipomwamini anayempa? Na kuna jambo jingine. Vinyoo vinapokufa kwa wingi mwilini, mtu huweza kupata homa, kuumwa na kichwa, hata kuvimba sehemu za siri kwa siku chache. Mwenye vinyoo vingi ndiye ataabikaye zaidi. Aliyeelezwa mapema atasema, "Dawa inafanya kazi." Asiyeelezwa atasema, "Nimetiwa sumu," au atasadiki uvumi kuwa dawa ni ya kuua uzazi. Mwaka wa pili ataipokea kwa adabu, aifiche kiganjani, na kuitupa nyuma ya nyumba. Daftari litaandika kuwa amepewa. Damu yake haitapata kitu. Basi maelezo ni sehemu ya dawa. Anayeyaruka ili aokoe saa moja hupoteza miaka mitano.

Nimesema na msomi. Sasa niseme na mwenye nyumba, maana haki haina upande mmoja. Kukataa bila kuuliza nako kuna gharama. Damu isiyopimwa huweza kuwa shamba la minyoo, na mbu hachagui mlango. Huniuma mimi kwangu, akakuuma wewe kwako, na aliyefunga mlango wake dhidi ya dawa huwa amemfungulia mbu mlango wa jirani. Mficha maradhi kifo humwumbua, na mficha busha huwaachia wanawe urithi usiotamaniwa. Una haki ya kusema hapana. Lakini hapana yenye thamani ni ile inayotanguliwa na swali, kama vile ndiyo yenye thamani ni ile inayotanguliwa na jibu.

Tena si kila mwenye koti jeupe ni wa kutiliwa shaka. Wako wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao watoto wa vijiji hivyo hivyo, wanaokwenda nyumba kwa nyumba kwenye jua, wakikaa mkekani na kueleza hata wakaeleweka. Wanapokewa kwa sababu wanajulikana, na maneno yao yanajulikana. Kazi yao ni ushahidi kuwa nisemalo linawezekana.

Mwisho narudi kwako, mwanafunzi, na kwa yale maneno niliyokuambia uyashike. Siku moja atakuja mtu nyumbani kwenu na karatasi ya ridhaa. Bibi yako hasomi, atakutazama wewe. Usimwambie, "Tia kidole tu, bibi, hawa ni watu wa serikali." Maneno hayo ndiyo yaliyomlaza Hin Lo mbele ya mbu. Chukua karatasi uisome polepole. Mwulize mgeni kwa heshima: Damu hii ni ya nini? Itapelekwa wapi, na itakaa huko muda gani? Kuna hatari gani kwa bibi, na akikataa, je, atatibiwa kama kawaida? Mkimaliza kazi yenu, mtarudi kutuambia mlichokiona? Mjibu kwa jibu, bibi afasiriwe kwa lugha yake, ikiwa ni Kidigo basi kwa Kidigo, kisha kidole kitiwe au kisitiwe. Kuuliza si ujinga.

Na huenda siku nyingine wewe mwenyewe ndiwe utakayeshuka garini na kisanduku, umekuwa daktari au mtafiti, na saa zako ni chache. Utasimama mbele ya mlango wa mtu wa Munje. Kumbuka siku hiyo kwamba unachokiomba hakinunuliwi sokoni, na kwamba mwenye nacho amesikia mengi kabla hujaja. Weka sindano chini. Keti unapokaribishwa. Washa taa ya maneno kwanza, hata kama kazi yako ni ya usiku. Mumiani hatakufa kwa kuchekwa; atakufa siku ile mwenye nyumba atakapojua damu yake inakwenda wapi, na akanyosha mkono wake mwenyewe.