KIOO CHA MAJI KIKIDANGANYA, NANI ASHITAKIWE?



Kila mara boila inapoungua kwa kukosa maji, neno la kwanza litokalo ofisini ni moja tu: "Mtia moto alilala." Hakuna aulizaye kioo cha maji kilikuwa katika hali gani. Sisi tunaotia moto twauliza, na twataka jibu.

Kisumu imekua kwa mvuke. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na meli kama Usoga na Rusinga zililetwa vipande vipande zikaungwa papa hapa bandarini. Garimoshi za mvuke zimekwisha njiani, lakini boila hazikwisha. Ziko katika viwanda vya sukari vya bonde la Nyando, ziko mahali pa kufulia nguo za hospitali, na mafundi wengine huunda ndogo nyumbani kwao. Kubwa au ndogo, jicho letu la kuona ndani ni kioo cha maji.

Jicho hilo hudanganya, nasi twajua jinsi linavyodanganya. Kioo kina njia mbili, ya juu ya mvuke na ya chini ya maji. Maji ya ziwa upande wetu ni ya tope, hasa mito inapofurika. Yasipochujwa, tope na ukoko huziba njia hizo. Ya chini ikiziba, maji ndani ya kioo husimama kimya, hayachezi, hata boila ikikaribia kukauka. Ya juu ikiziba, mvuke ulionaswa hupoa ukawa maji, kioo kikajaa, nawe wadhani maji ni tele. Pakingi ya juu ikivuja ni vivyo hivyo: kioo huonyesha zaidi ya kweli. Tazameni basi, uongo wote huu husema maji yapo! Tena kioo kilichojaa kabisa na kioo kitupu hufanana machoni. Na katika boila ndogo ya nyumbani, povu hunasa ndani ya kioo chembamba likampoteza mtu.

Dawa yake ni hii. Kila zamu, kabla ya kuchochea moto, simama kando, usiweke uso mbele ya kioo. Fungua koki ya kutolea iliyo chini ya kioo. Funga koki ya maji: mvuke utoke kwa nguvu. Ifungue tena, ufunge ya mvuke: maji yatoke kwa nguvu. Kisha fungua zote mbili na ufunge ya kutolea: maji yapande mara moja. Yakipanda polepole, njia inaziba. Na kama huna hakika maji yako wapi, usitie maji baridi katika boila yenye moto. Ondoa moto kwanza.

Kazi hiyo ni ya dakika chache. Lakini tutaifanyaje, ikiwa koki zimeshikwa na kutu, msimamizi asema "msiziguse, zitavuja," na stoo hakuna pakingi hata moja? Bwana akiweka akiba ya shilingi chache za pakingi, anayelipa deni ni mtia moto, kwa ngozi yake.

Wasiotuamini na watazame Marekani. Tarehe 16 Juni 1995, karibu na Gardners, Pennsylvania, garimoshi la mvuke namba 1278 lilikuwa likivuta abiria 310. Maji yalipungua, bamba la juu ya tanuri likapasuka, na dereva na watia moto wawili wakaungua vibaya. Wachunguzi wa serikali ya huko walikuta njia za kioo cha maji zimeshikwa na ukoko. Je, walisema watia moto walilala? La. Walisema sababu ni wakubwa wa kampuni, ambao hawakuhakikisha kwamba boila na vyombo vyake vinatunzwa vyema, wala kwamba watu wao wamefundishwa vizuri.

Hapa kwetu pia sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila boila ya mvuke iwe na chombo cha kuonyesha maji, tena ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Yasema pia mfanya kazi aarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwenye kazi asimrudishe mtu hatarini kabla ya kuiondoa.

Basi twadai haya matatu. Vioo vya akiba na pakingi viwe stoo siku zote. Kila zamu iandike katika kitabu kwamba kioo kimejaribiwa, na msimamizi atie sahihi. Na mtu yeyote asiambiwe kuwasha moto penye kioo kisichoweza kujaribiwa.

Mwanachama ukiambiwa hivyo, usigombane wala usitukane. Mwarifu msimamizi kwa maandishi, ubaki na nakala, umwone mjumbe wa Chama siku hiyo hiyo. Mtu mmoja akisema, huitwa mkaidi. Zamu nzima ikisema, stoo hufunguliwa.

Umoja ni Nguvu.