Dawa za Kinga Si za Wazungu Peke Yao

Vijana wetu wanaokwenda kujitolea Sudan Kusini, Msumbiji au mashariki mwa Kongo huandikiwa dawa za kinga ya malaria kabla ya safari. Wengi huziacha begini. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: "Mimi nimekua na malaria, hizo ni dawa za wazungu." Imani hii imeota mizizi hata kwa waliosomea afya, na inaua watu.

Ni kweli kwamba aliyeumwa malaria mara kwa mara tangu utotoni hujijengea kinga ya kiasi. Lakini kinga hiyo hufifia mtu akikaa muda mrefu bila kuambukizwa. Sasa, nani anayesafiri? Ni kijana wa Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako malaria ni haba. Ni mzaliwa wa Kisumu aliyesoma London miaka minne. Wa kwanza akishuka Juba, hana kinga ya kumzidi Mjerumani waliyepanda naye ndege. Wa pili kinga yake imebaki kidogo, na hajui ni kidogo kiasi gani.

Mtazame jioni. Jua limezama, yuko nje na kandambili zake, miguu wazi, na chandarua kimepigwa fundo juu ya kitanda tangu alipofika. Hata aliyekuwa akimeza dawa ya kinga ya doksisaiklini kila siku huiacha siku ya kurudi nyumbani, ilhali inatakiwa kuendelea wiki 4 baada ya kutoka huko, kwa sababu vimelea vilivyokuwa kwenye ini huingia kwenye damu baadaye. Homa ikimshika anameza panadol, kisha dawa mseto ya dukani bila kupima. Malaria ya falsiparamu ikicheleweshwa saa 24 tu inaweza kuwa kali.

Mashirika nayo yana lawama. Semina nyingi za kabla ya safari bado zinamfikiria mgeni kutoka Ulaya, na Mwafrika aliye ukumbini anaona hayamhusu.

Wewe unayefunga begi wiki hii, meza dawa kama ulivyoandikiwa na ulale ndani ya chandarua. Ukipata homa, iwe huko au miezi kadhaa baada ya kurudi, pima siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulikotoka.