Rutuba Ukutani: Tuanzie Wapi?



Siku chache zilizopita tulipanda bara hadi Dundori, kumzuru binti wa marehemu ndugu yetu aliyeolewa huko. Kwa wasiopajua, Dundori iko juu ya mji wa Nakuru. Gari huiacha barabara kuu pale Lanet na kuanza kupanda kuelekea upande wa Ol Kalou, na kadiri lipandavyo ndivyo kanzu ionekanavyo nyepesi mwilini. Ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani twaijua rutuba ya joto. Kule tulikutana na rutuba ya baridi, nayo ina tabia zake.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zama za masetla wa Kiingereza, yenye dohani, sakafu ya mbao na paa la mabati. Baba mkwe wa binti yetu aliinunua pamoja na kipande cha shamba baada ya uhuru. Ni nyumba njema, ila chumba cha watoto kilitukaribisha kwa harufu ya kuvu kabla hatujaona lolote. Rangi imevimba na kubanduka, chini ya ukuta mmejaa unga mweupe wa chumvi, na nyuma ya kabati ukuta umekuwa mweusi. Mjukuu wetu wa miaka minne kifua humbana usiku. Daktari amekwisha sema kwamba ni pumu, na kwamba mtoto asilale penye kuvu.

Tena baridi inapozidi, wenyeji walikuwa wakiingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha, ati ukuta ukauke. Hilo tulilisema kabla ya kuletewa chai. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi nayo, huzidi kulala mpaka akafa. Jiko lilitolewa usiku ule ule, na mtoto akahamishiwa chumba cha bibi yake, ambacho ni kikavu. Dada zetu mlio bara, na nyinyi wa pwani mnaojifukiza udi kwa makaa mengi katika chumba kidogo, tafadhalini lizingatieni hili.

Baada ya chai ndipo likaja suala lenyewe. Fundi mmoja alikwisha kuja, akatazama, akashauri ukuta wote upigwe plasta ya saruji kali ndani na nje, kisha upakwe rangi ya mafuta. Gharama yake ni akiba yote ambayo binti yetu ameiweka katika chama chao cha akina mama kwa zaidi ya mwaka mmoja.

“Ami, nimpe?” akatuuliza.

Tukamwambia, “Subiri, mwanangu. Kwanza tujue maji yanatoka wapi.”

Hatukusema hivyo kwa ujuzi wa vitabuni. Tulisema kwa sababu sisi wenyewe tulikwisha kosea. Nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ni ya mawe ya matumbawe yaliyojengewa kwa chokaa. Miaka mingi iliyopita tuliona lipu ya chokaa inamomonyoka chini, tukaiona ni ya kizamani, tukaibandua na kupiga saruji. Mwaka wa kwanza ukuta ulipendeza. Masika ya pili saruji ikavimba, ikaanguka vipande vipande, na rutuba iliyokuwa ikiishia kwenye goti ikatufika kifuani. Tulilipia kazi ile mara mbili.

Sababu yake si siri kwa waashi wa zamani. Ukuta wa chokaa hunywa maji kidogo na huyatoa tena kwa hewa, kama nguo iliyoanikwa. Saruji kali haiyatoi. Maji yakiingia kwa chini au kwa ufa, hukosa njia ya kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo hukauka nyuma ya plasta na kuisukuma. Wahenga wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliyachoma matumbawe juu ya magogo, wakaizima chokaa yake kwa maji na kuiacha ikae hadi iive kabla ya kuitumia. Hawakuwa na haraka. Nasi twakumbuka namna sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, watu 2 wakafariki. Hatulitaji jambo hilo ili kumtwika mtu lawama. Ni kwamba nyumba kongwe si ya kuguswa kwa pupa.

Mawe ya Bonde la Ufa si matumbawe. Mengi ni ya volkano, mepesi, yenye vitundu, na hunywa maji vilevile. Kwa hivyo kesho yake asubuhi tuliizunguka nyumba pamoja na binti yetu, kalamu ya risasi mkononi.

Maji ya ukutani huwa na asili tatu, na kila moja ina alama yake. Yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari usawa, mara nyingi chini ya mita 1, wenye chumvi nyeupe. Yanayopenya kutoka nje huonekana kama doa, na hukua kila inyeshapo. Ya tatu hayatoki ukutani kabisa: ni mvuke wetu wenyewe, wa kupika, kuoga, kuanika nguo ndani na kupumua, unaokutana na ukuta baridi na kugeuka maji. Huu ndio huzaa kuvu jeusi pembeni na nyuma ya makabati. Ukiwa na shaka, chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Maji yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke. Yakitokea nyuma yake, ukuta wenyewe ndio ulio maji.

Dundori tulikuta yote matatu. Mfereji wa paa ulikuwa umetoboka pembeni, na maji ya paa zima yakimwagika ukutani mahali pamoja. Chini, bustani ya maua ilikuwa imeinuliwa mwaka hadi mwaka mpaka udongo ukapita usawa wa sakafu ya ndani, ukaziba vile vitundu vidogo ambavyo wajenzi waliviacha ili hewa ipite chini ya mbao. Mbao za pembe ile zilibonyea tulipozikanyaga. Na ndani, nguo za watoto zilikuwa zikianikwa chumbani kwa sababu ya mvua.

Basi kazi ya kwanza haikuwa ya mwashi. Ilikuwa ya jembe. Udongo uondolewe ukutani hadi uwe chini ya sakafu kiasi cha sentimita 15 au zaidi, vitundu vizibuliwe na kuwekewa wavu wa kuzuia panya, ardhi iinamishwe ili maji yakimbie nyumba, mfereji uzibwe au ubadilishwe, na tundu linalozunguka dohani juu ya paa likaguliwe. Kabati lisogezwe mbali na ukuta, dirisha lifunguliwe kila siku hata kwa saa moja. Mbao zilizooza zitolewe na fundi seremala, aangalie kama boriti zilizo chini ni nzima. Haya yote hayakufikia robo ya akiba ya binti yetu.

Kisha plasta iliyovimba ibanduliwe, mpaka sentimita 30 juu ya alama ya rutuba, na ukuta uachwe wazi. Hapa ndipo subira hupotea. Mafundi wana kipimo chao: mwezi 1 kwa kila sentimita 2 na nusu za unene wa ukuta. Ukuta wa sentimita 23 basi wataka miezi 9, na katika baridi ya Dundori huenda zaidi. Mwenye kupiga lipu kabla ya hapo ameyafungia maji ndani. Ukishakauka, lipu ya chokaa na mchanga, sehemu 1 kwa 3, yafaa zaidi, nayo ipakwe rangi inayopitisha hewa, si ya mafuta. Chokaa huunguza macho na ngozi, kwa hivyo watoto wakae mbali nayo.

Kuvu lifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mwenye kufuta akivaa glavu na kuziba pua. Lisipigwe ufagio likiwa kavu, likatawanyika hewani. Rangi kuukuu nayo isikwanguliwe kavu, kwani ya zamani yaweza kuwa na risasi, na hiyo hudhuru watoto na mama mjamzito kuliko wengine. Paa la binti yetu ni bati la chuma, alhamdulillah. Nyumba nyingi za rika lile ziliezekwa kwa asbesto, nayo haikatwi wala haivunjwi na fundi wa mtaani. Huondolewa na wenye kibali cha NEMA.

Mavyaa wa binti yetu alikuwa na swali lake, naye alilingoja hadi tulipobaki wachache. Chumba anachoswalia kimepakana na choo, na ukuta wake wa chini una unyevu. Je, swala yake ya miaka yote hii? Tulimjibu kwamba asili ya maji ni tohara, na shaka peke yake haiondoi asili hiyo. Swala zake hatuzitilii wasiwasi. Ila sasa aangalie. Unyevu ukizidi choo kitumikapo, au ukiwa na harufu yake, basi bomba limepasuka na hiyo ni najisi. Litengenezwe mara moja, na kabla halijatengenezwa asogeze mswala mahali pakavu, ukuta usiguse mwili wala nguo yake. Bibi alicheka, akasema amekuwa akiswali katikati ya chumba tangu zamani, kwa sababu ya baridi ya ukuta.

Fundi wa saruji aliambiwa kwa adabu kwamba kazi yake itangoja. Tulipoondoka, binti yetu alichora mstari wa kalamu ya risasi pale rutuba ilipofika na kuandika tarehe pembeni. Juzi alitupigia simu. Udongo umekwisha ondolewa, mfereji ni mpya, mvua imenyesha mara tatu, na doa la pembeni halikukua. Mstari wa chini ungali pale pale. Mtoto bado analala kwa bibi yake, na usiku hajaamka kwa kifua tangu wiki ile. Tumemwomba achore mstari mwingine kila mwisho wa mwezi.