Kwa wanaokwenda Chalbi: tazameni ubavu wa tairi kwanza

Nina jambo kwa wanaopanga safari ya jangwa la Chalbi na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Wengi huulizia tairi ya mchanga tu, lakini kaskazini mwa Kenya mchanga ni nusu ya kazi. Ukielekea ziwani utakutana na mawe meusi ya volkano yenye makali. Hayo hukata ubavu, na ubavu uliochanika hauzibwi kwa kiraka ukategemewa.

Kwa hiyo chagueni tairi zenye alama ya A/T (all-terrain, za ardhi ya kila aina) na ubavu mnene. Zile za matope, zenye meno makubwa, huchimba mchanga badala ya kuupita juu. Rimu ya inchi 16 hufaa kuliko ya 18, kwa kuwa ubavu mrefu hutanuka vizuri upepo ukipunguzwa. Kwenye mchanga laini shusheni hadi karibu psi 18, mwendo uwe wa polepole, kisha mjaze tena kabla ya kufika kwenye mawe au lami.

Dukani, someni tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lini ilitengenezwa: 3124 maana yake ni wiki ya 31 ya mwaka 2024. Tairi iliyokaa miaka mingi hupasuka kwenye joto hata kama meno yake hayajalika.

Bebeni spea 2 za saizi ileile na pampu inayofanya kazi. Na mvua ikinyesha, ahirisheni: Chalbi hugeuka tope, na hakuna tairi itakayowavusha.