Staa wa maputo, hebu onyesha mtungi

Wadau wa Tangini mnamjua, hakuna haja ya jina. Ni yule mpambaji anayetamba kuanzia Mailimoja mpaka Picha ya Ndege, na Kisarawe nako keshaingia. Kichen pati bila yeye haijanoga. Kilichompa jina ni maputo yanayopaa: bebi shawa, sendofu, bethidei ya mtoto wa mwaka mmoja, dari lote linafunikwa na pinki na dhahabu, kamba zinaning'inia, watoto wanaruka kuzivuta.

Mapambo ni mazuri, hilo asinyimwe. Shida ni gesi.

Puto la kupuliza kwa mdomo au pampu linabaki chini. Ili lipae linataka gesi nyepesi kuliko hewa, na kwenye kazi hii ubishi ni wa mbili tu, heliamu na haidrojeni. Heliamu haiwaki hata uisogezee kiberiti, ila ni ghali na inakuja kwenye mtungi wa chuma. Haidrojeni inapatikana kwa bei ya kutupa, kwa kostiki ya watengeneza sabuni na vipande vya alumini. Inapaa vizuri, tena kuzidi heliamu kidogo. Lakini ikichanganyika na hewa, kuanzia asilimia 4 mpaka 75, inashika moto. Yaani karibu kila mchanganyiko unawaka, na kacheche ka umeme wa nguo ya nailoni kanatosha.

Sasa staa anachukua hela za watu kwa "maputo ya heliamu", halafu nyuma ya ukumbi vijana wake wanaonekana na pipa linalofuka mvuke. Akiulizwa, jibu ni "gesi ya kawaida hiyo, acheni wivu". Kawaida ipi? Hata gesi ya kupikia ni ya kawaida, na hakuna anayeijaza kwenye puto akampa mtoto.

Mashabiki wake nao hawaishiwi: mbona miaka yote hajaungua mtu? Hindenburg, lile puto kubwa la abiria la Wajerumani, nalo lilivuka Atlantiki mara kadhaa salama salmini. Tarehe 6 Mei 1937 likashika moto likitua New Jersey, Marekani. Haikufika dakika likawa limeteketea, na waliokufa ni 36. Lilikuwa na haidrojeni kwa sababu Wamarekani walibana heliamu yao isiuzwe nje. Wale angalau walinyimwa. Huyu wa kwetu kanyimwa na nani? Na kama ni mbali mno, Mei 2012 kule Yerevan, Armenia, maputo ya mkutano wa siasa yalilipuka na watu zaidi ya 100 wakajeruhiwa.

Halafu tazama ukumbi wenyewe. Keki ina mshumaa wa kurusha cheche, emsii anaita fataki, kuna mjomba na sigara yake mlangoni. Juu ya vichwa vya hao wote, maputo kibao.

Kuna watu wanaorusha vindege vya jeti vya mfano, vyenye injini ya taabini ya kweli. Baadhi yao huwashia kwa propeni na buteni ya kikopo, injini ikishachanganya inahamia mafuta ya taa. Wao wanaitaka gesi iwake, ndiyo kazi yake, na wanaojielewa wanakuwa na kizimia moto karibu. Mpambaji anataka puto lielee tu! Inayowaka ya nini?

Lawama zisimwangukie peke yake. Wenye shughuli wanabana bei mpaka tone la mwisho, halafu wanataka dari lijae. Habari ya heliamu iliyogunduliwa Rukwa ilitangazwa 2016 na watu wakashangilia, ila heliamu ya ardhini Rukwa haijazi puto Kwa Mathias. Kama mfuko hauruhusu, tao la maputo ya hewa ya pampu linapendeza kwenye picha vilevile na halina kesi.

Jumamosi ana bethidei nyingine, watoto wameshaalikwa. Mama mwenye shughuli amelipa, ana haki ya kuzunguka nyuma ya ukumbi kabla puto la kwanza halijafungwa, akasema nionyeshe mtungi. Akionyeshwa pipa, arudishiwe hela yake. Na staa kama ana mtungi, aupige picha, wa kuposti hakosi.