Muhuta: Tarafa imehama mkoa, je, diski za kompyuta zake zina nakala?

Tarafa ya Muhuta, iliyobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima kusini mwa Bujumbura, imebadilisha mkoa mara mbili katika muda wa miaka kumi. Mwezi Machi 2015 iliondolewa Bujumbura Vijijini ikaingizwa katika mkoa mpya wa Rumonge. Kisha ikaja sheria ya tarehe 16 Machi 2023, iliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Tangu uchaguzi wa mwaka 2025, Muhuta imerudi upande wa Bujumbura, nao mji wa Rumonge umo katika mkoa wa Burunga.

Mpaka unapohama, ofisi nazo huhama, na pamoja nazo kumbukumbu za raia. Kabati la mafaili likipakiwa kwenye gari, kila mtu huliona, na faili likidondoka njiani kuna wa kuliokota. Kompyuta haiko hivyo. Yote yaliyoandikwa humo kwa miaka mingi yamo ndani ya diski moja inayoenea kiganjani, na mtikisiko mmoja wa barabara waweza kuiua bila alama yoyote kwa nje.

Katika ofisi nyingi jibu huwa jepesi: nyaraka zimenakiliwa kwenye flashi. Ni jibu la nusu. Diski kuu ya kompyuta haibebi barua na majedwali tu. Ndani yake mna mfumo endeshi unaoiwasha mashine, programu za kazi, leseni zake, majina ya watumiaji na ruhusa zao, mipangilio ya printa, na mara nyingi hifadhidata ambayo haifunguki ila kwa programu iliyoitengeneza. Fundi aliyeiweka programu hiyo huenda alikwisha kuhamishwa kabla ya tarafa kuunganishwa. Diski ikifa, faili lililookolewa kwenye flashi hubaki kama sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake umezama ziwani.

Ndiyo maana mafundi hutofautisha kunakili nyaraka na kunakili diski nzima. Kunakili diski nzima kuna namna mbili. Ya kwanza ni kutengeneza pacha: kila kilichomo katika diski ya zamani huhamishiwa diski nyingine, ambayo inaweza kufungwa ndani ya kompyuta siku hiyohiyo na kazi ikaendelea. Ya pili ni kuibana diski yote iwe taswira moja, yaani faili kubwa linalotunzwa katika diski ya nje, ili baadaye lifunguliwe na kurudishwa. Pacha hurudisha kazi haraka. Taswira huruhusu kutunza nakala za tarehe mbalimbali, jambo lenye faida pale inapogunduliwa kwamba kosa liliingia miezi mitatu nyuma.

Katika ukanda huu wa ziwa, suala hili si la mafundi peke yao. Rumonge na vijiji vya jirani ni nchi ya watu waliokimbia mwaka 1972, wengi wao wakielekea Tanzania, na waliporejea baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 wakakuta mashamba yao yana watu wengine. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, ilishughulikia mizozo hiyo hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2022. Tume imeondoka, lakini mizozo haikuondoka yote. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 iliziwezesha tarafa kutoa hati za ardhi kupitia ofisi zake zenyewe. Kwa familia yenye mashamba ya michikichi, hati hiyo pamoja na maandishi yake ofisini ndiyo kinga dhidi ya kesi mpya. Yeyote anayebishana na jirani kuhusu mpaka wa shamba ana haki ya kuuliza: daftari la ofisi likiwa limeingizwa kwenye kompyuta, pacha wa diski hiyo uko wapi?

Swali la mahali lina uzito wa pekee hapa. Mwaka 2015 maporomoko ya udongo na mawe huko Gitaza, katika tarafa hiyohiyo ya Muhuta, yaliua watu, yakabomoa nyumba na kuikata barabara ya taifa namba 3 inayoelekea Rumonge. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda. Mwezi Aprili 2024, mvua zikiwa zimewahamisha makumi ya maelfu ya watu nchini, serikali na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa pamoja wa msaada, huku maji yakiwa yameingia hadi bandari ya Bujumbura. Kati ya mlima unaoporomoka na ziwa linalopanda, nakala iliyowekwa kwenye droo ya meza ileile yenye kompyuta si nakala. Inafaa kuwa na mbili: moja karibu kwa dharura ya kila siku, nyingine mbali, kwenye mwinuko, katika ofisi ya ngazi ya juu.

Wala huu si udhaifu wa nchi maskini tu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Iliteketea hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala nje ya kituo. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Diski ya ofisi ya tarafa haina udhuru huo.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi kama inavyodhaniwa. Clonezilla, programu ya bure iliyotokea Taiwan, huwashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows, na kwa kawaida hunakili zile sehemu tu za diski zenye data. Kwa tundu la USB la kizamani, linalopitisha takriban megabaiti 30 kwa sekunde, diski yenye gigabaiti 120 zilizotumika huchukua zaidi ya saa moja. Saa hiyo ndiyo ngumu. Umeme ukikatika katikati, nakala huwa haina thamani na kazi huanza upya, kwa hiyo kompyuta ya mezani isianze kunakiliwa bila betri ya akiba. Hatari kubwa zaidi ni ya macho na vidole: anayekosea kati ya diski ya kutoka na ya kwenda huifuta ile aliyotaka kuiokoa. Watu wawili wakisoma pamoja jina na ukubwa wa kila diski kabla ya kubonyeza, kosa hilo huepukika. Na diski inayolia au iliyoanza kukwama isisubiri wiki ijayo.

Baada ya hapo nakala ijaribiwe. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Pacha hufungwa ndani ya mashine, ya zamani ikiwa imechomolewa, kisha kompyuta inawashwa na programu ya kazi inafunguliwa. Ikiwa diski imefungwa kwa nywila ya usimbaji, ufunguo wake wa dharura uandikwe na kutunzwa pengine. Diski ya akiba isiachwe imechomekwa daima, maana virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha huifuata nayo pia.

Wakati wenyewe unasukuma. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuipatia Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Ofisi zitabadilisha mashine au zitaweka mfumo mwingine, na kila badiliko la namna hiyo ni siku ambayo diski isiyo na pacha inaweza kupotea.

Linabaki suala la diski inayostaafu. Majina, tarehe za kuzaliwa na mipaka ya mashamba bado yamo humo, hata kama mafaili yamefutwa na pipa la taka limemwagwa. Kompyuta chakavu ikiuzwa na diski yake, mnunuzi huuziwa na tarafa ndani yake. Diski ya sahani huandikwa upya kuanzia mwanzo hadi mwisho, au hutobolewa kwa drili, na tendo hilo huingizwa katika daftari la makabidhiano pamoja na namba ya diski, tarehe na sahihi za waliokuwapo.