Mlango wa bwawa ukitetema, mkulima asikae kimya

Wakulima wa umwagiliaji hufuatilia bei ya mbolea na mbegu, lakini ni wachache wanaouliza hali ya mlango wa bwawa linalowaletea maji. Kibiashara hilo ni kosa, kwani mlango ukivunjika, maji ya msimu mzima huweza kupotea.

Julai 17, 1995, mlango mmoja wa bwawa la Folsom, California nchini Marekani, ulivunjika wakati ukifunguliwa. Mwendeshaji alihisi mtetemo usio wa kawaida, lakini hakupata nafasi ya kuuzuia. Takriban asilimia 40 ya maji ya ziwa hilo, ambalo huhudumia pia wakulima, yalipotea. Uchunguzi ulibaini kuwa pini zinazobeba mlango zilishika kutu na hazikupata grisi ya kutosha. Mtaalamu wa Japan, Noriaki Ishii, na wenzake wakaongeza kuwa mtetemo nao ulichangia. Japan yenyewe ilipoteza mlango wa aina hiyo katika bwawa la Wachi mwaka 1967.

Kwa nini chuma kizito kitikiswe na maji? Mlango ukiwa mkavu hutetema kwa haraka. Ukizama, kila unapocheza hulazimika kuyasukuma maji yaliyougusa, kana kwamba uzito wake umeongezeka. Hivyo hutetema polepole zaidi, na kina kikiongezeka kasi hiyo huzidi kushuka. Mapigo ya maji yanayopita chini ya mlango yakilingana na kasi hiyo, mtikiso hukua, mfano wa bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Ndiyo maana mlango uliopimwa ukiwa mkavu tu haujathibitishwa kuwa salama.

Hatari huwa kubwa zaidi mlango ukiachwa wazi kidogo tu, au mpira wa kuzibia unapovuja. Grisi, rangi ya kuzuia kutu na mpira mpya ni gharama ndogo ukilinganisha na mavuno yaliyokauka shambani.

Nchini Tanzania, Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 ilianzisha mfuko wa kuendeleza sekta hiyo. Vyama vya wamwagiliaji navyo vitenge fungu la matengenezo ya milango katika ada zao, na vidai taarifa ya ukaguzi kabla ya kila msimu. Mlango ukianza kunguruma au kutikisika, mhandisi aitwe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.